Barua kwa mwanangu: Chumba kiwe chako

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika na mamako nimemsomea. Wauliza kama ni busara mwanamke peke yake kupanda meli ya kitalii huko Ugiriki, pamoja na watu uliojuana nao mwaka huu tu kwenye darasa la kuogelea. Nenda, mwanangu. Miaka niliyohudumu melini nimewaona wengi waliopanda peke yao wakashuka wana ndugu.

Ila chumba kiwe chako. Najua kwa nini huyo mwenzako uliyemtaja anataka mgawane chumba kimoja: nauli hupangwa kwa hesabu ya watu wawili chumbani, na anayelala peke yake mara nyingi hulipishwa karibu maradufu. Zipo meli zenye vyumba vya mtu mmoja. Norwegian Epic imekuwa navyo tangu 2010, vidogo, pamoja na ukumbi wa kukutania wasafiri hao. Vyumba hivyo huisha upesi, basi ulizia mapema. Ukivikosa, afadhali safari fupi ya siku nne chumbani mwako kuliko wiki nzima chumbani na mtu usiyejua hasira zake. Nchi kavu mkikosana kila mtu huenda kwake. Baharini utaenda wapi?

Tikiti ilipe mwenyewe. Pasipoti asikushikie mtu, isipokuwa ofisi ya meli ikiihitaji. Na kwa kuwa mtatia nanga Kusadasi, ambayo ni Uturuki, kisha mrudi Ugiriki, omba viza ya Schengen, yaani ya nchi nyingi za Ulaya pamoja na Ugiriki, iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Ya Uturuki nayo uiulizie mapema.

Kisiwa cha Santorini, huko Ugiriki, ndipo urafiki hupimwa. Abiria hushushwa kwa mashua, kisha hupanda jabali kwa gari la kamba, kwa punda, au kwa miguu, ngazi karibu 600. Jioni wote hutaka kuteremka kwa pamoja na foleni huwa ndefu mno. Meli haimngojei aliyeshuka kutembea kivyake. Wenzako wakisema "bado mapema", waage kwa upole uteremke. Nimewaona watu wamesimama gatini na sisi tumekwisha kuondoka, na wengi wao walikuwa wakimwonea mtu haya.

Jambo hili nakusisitizia kama babako: siku ya kwanza nenda ukapaone mahali pako pa kukusanyikia wakati wa hatari, hata wenzako wakikuita chai. Meli ya kitalii Costa Concordia ilipogonga mwamba huko Italia tarehe 13 Januari 2012 walikufa watu 32, na abiria waliopanda bandari ya Civitavecchia jioni ile walikuwa hawajafanya mazoezi ya usalama. Honi saba fupi na moja ndefu ndiyo ishara ya hatari: ukizisikia, usirudi chumbani kufuata mkoba.

Usiku, mkiruhusiwa kuchagua, ombeni meza moja kubwa, na muketi hapo hapo kila siku. Mchana kila mtu afuate moyo wake, mmoja maghofu ya Efeso, mwingine usingizi. Wanaokutana mezani na habari tofauti ndio niliowaona wakiagana kwa machozi.

Mamako aulizia chakula cha halali. Kiombe wakati wa kulipia, usingoje mpaka uwe ndani. Ukishalipa, niandikie jina la meli na tarehe ya kuondoka Piraeus, bandari ya Athens.

Babako