Chesi itakusaidia kwenye pool, lakini si kila mahali

Vijana wanaoanza pool, wakijua kwamba nacheza pia chesi, huniuliza: nikijifunza chesi nitakuwa mkali mezani? Itakusaidia, wadogo zangu, na msaada wake ni mkubwa. Ila kuna tabia moja ya chesi ambayo usipoiacha mlangoni itakupotezea mechi nyingi.

Nilipoanza, nilikuwa nautafuta mpira ulio karibu na shimo, naufunga, kisha ndipo natafuta mwingine. Nafunga mitano mfululizo, watu wanashangilia, halafu nyeupe, ule mpira unaopigwa kwa fimbo, inasimama mahali ambapo sina cha kupiga. Chesi ndiyo iliyonifundisha kuanzia mwisho. Mfalme wa mwenzangu nataka nimnase kona ile. Basi malkia wangu awe wapi, na kabla ya hapo farasi aende wapi? Mezani ni hivyo hivyo. Nyeusi, inayofungwa mwisho baada ya mipira yako saba, itaingia shimo gani? Ili iingie, nyeupe isimame upande gani? Na ni mpira upi, nikiufunga wa mwisho, utaniachia nyeupe upande huo? Mpira huo usiuguse mapema hata kama umekaa mdomoni mwa shimo. Ndio daraja lako la kufikia nyeusi.

Jambo la pili lilinigharimu zaidi. Kwenye chesi askari aliyesimama tu bado anafanya kazi, maana anaziba njia. Mipira yako nayo inaziba. Kuna mechi nilikuwa na ndogo, yaani mipira ya namba 1 hadi 7, nikafunga sita, wa saba ukabaki umebanwa ukingoni nyuma ya mpira wa mwenzangu. Yeye alikuwa hajafunga hata mmoja. Nilijiona ninaongoza, kumbe nilikuwa nimemfagilia meza: saba zake zote zimetawanyika, hakuna kitu changu cha kumzuia. Alifunga zote na nyeusi juu yake, mimi nimesimama na fimbo yangu. Tangu siku ile, kabla ya kuanza kufunga, nautafuta kwanza mpira wangu wenye matatizo. Naufungua wakati bado nina mingine ya kuendelea nayo. Usipofunguka, namfichia mwenzangu nyeupe nyuma ya mipira yangu, nasubiri.

Sasa ile tabia ya kuacha. Kwenye chesi mkono haukosei. Ukiamua farasi aende mahali, unamweka hapo, amefika. Kwenye pool ukishaamua, kazi ndiyo kwanza inaanza. Mimi niliingia na kichwa cha chesi, nikawa natafuta pigo bora kuliko yote, na nilikuwa naliona kweli: nyeupe igonge kingo tatu, irudi katikati, isimame sawasawa na nyeusi. Mkono wangu haukuwa na uwezo huo. Na pool haina zamu ya mmoja mmoja kama chesi. Ukikosa, mwenzako hapati hatua moja, anaweza kupata meza nzima. Kwa hiyo swali langu likabadilika: nikikosea kidogo hapa, nitamwachia nini? Mara nyingi pigo la kawaida, lenye kosa dogo linalosameheka, ndilo la kuchagua.

Mwaka 1973 watafiti wawili wa Marekani, William Chase na Herbert Simon, walionyesha wachezaji ubao wa chesi kwa sekunde tano kisha wakawataka waupange upya kwa kumbukumbu. Ubao ukiwa umetoka kwenye mechi halisi, bingwa aliwaacha wengine mbali sana. Kete zilipopangwa ovyo, ubingwa wake ulikuwa kama haupo. Jicho lake lilikuwa limeshiba picha za chesi. Ndiyo maana nawaambia, picha za pool mtazikusanya kwenye pool. Jueni kwamba nyeupe inayoteleza bila kuzunguka wakati wa kugonga huondoka kwa pembe ya nyuzi 90 na njia ya mpira uliogongwa. Ikiwa inabingirika, na ikagonga karibu nusu ya mpira, hupinda kama nyuzi 30 kutoka njia yake ya awali. Hakuna ubao wa chesi utakaokufundisha hilo.

Zoezi langu ni hili. Weka nyeusi na mipira miwili yako popote, chukua nyeupe mkononi. Kabla ya kila pigo weka sarafu pale unapotaka nyeupe isimame, ndipo upige. Nyeupe ikiishia zaidi ya shubiri moja kutoka kwenye sarafu, rudisha mipira, rudia. Wiki za kwanza utarudia mno, na wengine watakuona huchezi. Endelea.

Na kuwaza kote fanya ukiwa umesimama, unaizunguka meza. Ukishainama, maswali yamekwisha. Wazo jipya likikujia fimbo ikiwa tayari kidevuni, inuka, paka chaki upya, anza tena.