Kijana anakesha na simu: kabla hujamnyang'anya, soma hapa

Dada mleta mada, umeuliza mambo matatu kwa mpigo. Mwanao wa kidato cha pili anakesha na simu, asubuhi haamki, analalamika kichwa, na ukimgusa anafoka. Je, umnyang'anye simu, umpeleke kwa daktari wa macho, au umhamishie bweni? Wachangiaji wengi hapo juu wamesema nyang'anya. Mimi ni fundi simu huku Tabata, nina binti kidato cha tatu na mdogo wake anayemfuatia, kwa hiyo haya mambo nayakuta kazini na nyumbani yananisubiri. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Ukiichukua hiyo simu leo, atapata nyingine. Wanafunzi wanakuja kibandani kwangu na simu iliyopasuka kioo waliyoinunua kwa kuchangishana, inalala kwa huyu leo na kwa yule kesho. Asipopata hiyo, kuna ya jirani, ya dada wa kazi, ya binamu. Utakachofanikiwa ni kumfundisha kuficha, na kuficha wanajua kuliko sisi. Kuna programu ina sura ya kikokotoo kabisa, unapiga hesabu na jibu linatoka, kumbe ukiingiza namba fulani inafunguka stoo ya picha na video. Mzazi anaishika simu, anakagua, anarudisha ameridhika.

Kwangu mimi tatizo la kwanza la mwanao ni usingizi, hayo mengine yanafuata. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anatakiwa kulala saa 8 mpaka 10. Sasa chukua mtoto wa Dar. Anaamka saa 10 na nusu alfajiri awahi kituoni kabla abiria hawajajaa, maana konda akiona sare anaona nauli ya 200 na anafunga mlango. Kama alizima simu saa 7 usiku, hapo hajafikisha hata saa 4. Balehe nayo inachelewesha usingizi, kijana hasikii kulala mapema kama alivyokuwa darasa la tatu, halafu mwanga wa kioo unazidi kuuchelewesha. Na bando la usiku ndilo la bei nafuu, wanalisubiri kwa hamu. Mchana anasinzia darasani, mapumziko ananunua enaji ili achangamke, usiku ile kafeini bado imo mwilini. Hapo usishangae anafoka. Hata wewe ungefoka.

Kwa hiyo kwangu hatugombani na simu, tunagombana na usiku. Kuna ekstensheni sebuleni pembeni ya televisheni, saa 3 na nusu simu zote zinachomekwa pale, yangu na ya mama yao zikiwemo. Hili la wazazi kuwemo ndilo lenye nguvu, bila hilo ni amri tu na wataivunja. Binti alikuja na hoja kwamba simu ndiyo alamu yake, nikapanda Kariakoo nikanunua saa ya mezani yenye kelele ya kuamsha mtaa, hoja ikafa. Tundu lililobaki ni simu ya bibi yao anapokuja kutoka Morogoro. Sasa wewe niambie, mkwe unamwambiaje achomeke simu sebuleni? Nimeliacha kwa mama yao, mimi simo.

Kichwa kinachomuuma, mpeleke akapimwe macho, hilo usilijadili. Huenda anahitaji miwani, na watoto wanaokaa ndani muda mrefu bila kutoka kwenye mwanga wa jua wako kwenye hatari zaidi ya kutoona mbali. Viwanja vyetu vimejengwa fremu, najua, ila hata kutembea kwenda sokoni jioni ni kitu.

Kuhusu ulinzi wa ndani ya simu, watu wanapenda kuniuliza niwawekee programu ya kumchunguza mtoto. Mimi nawauliza kwanza: kwenye akaunti yake ameandika amezaliwa mwaka gani? TikTok kwa mfano inataka mtu awe na miaka 13, akaunti ya aliye chini ya 16 inaanza ikiwa imefungwa kwa watu asiowajua, na hawezi kutumiwa ujumbe wa faragha. Sasa mtoto akiandika 1999, mtandao unamchukulia ni mtu mzima mwenzako na vizuizi vyote hivyo vinaondoka. Kaa naye, fungueni pamoja, mrekebishe tarehe. Baada ya hapo ndipo uunganishe akaunti yako na yake kwa Family Pairing iliyomo ndani ya TikTok, au kwa simu za Android uweke Family Link ya Google, ambayo inakuruhusu kupanga saa ya simu kujifunga usiku. Vyote ni bure. Fanya hayo mtoto akiwa anaona. Mzazi akiniletea simu ya mtoto nitoe loki kwa siri, huwa namwambia arudi na mwenye simu. Wengine wananuna na kwenda kwa fundi wa pili, sawa tu.

Sasa lile ambalo hukuliuliza ila lipo. Koneksheni, yaani zile video za ngono zinazosambazwa kwenye simu. Usijidanganye kwamba wako hajaona, kwenye makundi ya WhatsApp ya darasa zinazunguka kama salamu. Zamani mambo ya mwili yalikuwa na shangazi, na kungwi kwa waliokuwa naye, leo anayefundisha ni video ya mtu asiyejulikana. Baba ongea na kijana, usimsukumie mama. Mimi huongea na dogo tukiwa ndani ya gari au tunatembea, macho yakiwa mbele, maana ukimkalisha kwenye kochi anageuka jiwe. Na mwambie wazi kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na anayesambaza picha za utupu za mwenzake hawezi kujitetea kwamba yeye alifowadi tu. Ikitokea picha yake mwenyewe imevuja na kuna mtu anamtishia, asilipe hela wala asifute ujumbe, aje kwako. Akishindwa kukwambia wewe, 116 ni namba ya bure ya huduma kwa mtoto, mkaririshe.

Ila na sisi wazazi tujitazame, kwa sababu simu inatudanganya pia. Shuleni kwa binti yangu ilipofika zamu ya chanjo ya HPV, kundi la wazazi lilijaa sauti za mtu asiye na jina akisema inafunga kizazi. Chanjo hiyo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na 2024 ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Inakinga saratani ya mlango wa kizazi, kizazi haikigusi. Mama yake alikwenda zahanati akauliza, binti akachanjwa. Huwezi kumwambia mtoto asiamini kila anachokiona TikTok wakati wewe unaamini kila kinachofowadiwa na kundi la ukoo.

Bweni. Kama unampeleka ili aachane na simu, atarudi likizo na njaa ya miezi mitatu na ekstensheni yako itakuwa haina mazoea naye. Kama ni kwa ajili ya umbali, kwamba mtoto anatoka Chanika kusoma Kinondoni na anapigania daladala gizani kila siku, hapo naunga mkono, au mtafutie shule ya karibu, hata kama jina lake si kubwa. Anza na hilo la umbali kabla ya kulipa ada.