Jezi za msafara wa baiskeli: usiguse hela ya mchango

Mkuu, kama nimekuelewa, mko 24, mnaendesha Dar hadi Morogoro kuchangisha hela ya madawati, na kamati imegawanyika: wengine wanataka jezi zikatwe kwenye mchango kwa kuwa ni gharama ya shughuli, wengine wanataka kila mtu ajilipie. Mwaka 2019 nilikuwa mweka hazina wa msafara wa aina hiyo hiyo, barabara hiyo hiyo, madawati hayo hayo. Kila mtu ajilipie. Sasa nikueleze kwa nini nasema hivyo bila kupepesa macho.

Sisi hatukupanga kula hela ya mchango. Tulisema "tunaazima". Fundi wa kuprinti pale Kariakoo alitaka nusu mkononi kabla hajawasha mashine, na nusu siku ya kuchukua mzigo. Jezi 22 kwa 45,000, jumla 990,000. Mshahara ulikuwa bado, watu hawajalipa, na kwenye laini ya mchango kulikuwa na milioni mbili na ushee zimetulia tu. Mwenyekiti akasema, "Toa hapo, mshahara ukitoka kila mtu atarudisha." Nikatoa. Wala sikubisha, na mimi niliitaka jezi.

Mshahara ukatoka. Wakalipa 13. Kati ya wale tisa waliobaki, mmoja alisema safari kaahirisha kwa hiyo jezi haimhusu, wakati jina lake limeshaprintiwa mgongoni. Mwingine akasema ameleta laki tatu kutoka kwa ndugu na wafanyakazi wenzake, sasa jezi moja kweli adaiwe? Wengine walikuwa wanasoma meseji, tiki mbili za bluu, kimya. Kila asubuhi nilikuwa nabandika ile orodha kwenye grupu, majina 22, vema kwa 13, kama mwenye nyumba anayefuatilia kodi. Nilichukiwa mimi, si wadaiwa.

Mpaka siku ya safari 405,000 ilikuwa haijarudi. Seremala alitufanyia dawati kwa 81,000, kwa hiyo hapo pana madawati matano. Tulikuwa tumeahidi shule madawati 70. Siku ya kukabidhi mwalimu mkuu alipita katikati ya safu akihesabu kwa kidole, akafika 65, akaangalia nyuma ya darasa kama kuna mengine, halafu akatuangalia sisi tumejipanga na jezi mpya zinang'aa kama tunasubiri medali. Akasema "Tunashukuru sana" na kutukaribisha chai. Ile chai sikuimaliza. Baada ya miezi miwili mimi na mwenyekiti tulimalizia yale matano kwa hela za mfukoni.

Wanaosema jezi ni gharama ya shughuli waulize kitu kimoja: kwenye harusi, kitenge cha sare unashonewa na kamati? Unanunua mwenyewe, unampelekea fundi wako mwenyewe, na mchango wa ukumbi na chakula unautoa pembeni. Siku ukisikia kamati imekata sare za mashangazi kwenye michango utaitisha kikao usiku huo huo. Jezi ni sare. Ikiisha safari inakwenda nyumbani kwako, unaivaa Jumamosi ukienda Bagamoyo. Aliyekutumia elfu tano alitoa ya dawati.

Kuna hoja ya matangazo, kwamba jezi zinazofanana zinavuta watu wachangie. Kiasi ni kweli. Pale Mlandizi tuliposimama kunywa maji watu walituuliza sisi ni nani, wakatoa mia tano mia tano na elfu moja. Lakini walichokuwa wanasoma ni bango kwenye gari la nyuma. Hoja ya usalama ina uzito zaidi, maana ile Morogoro Road na malori yake si ya kuchezea. Ila kama ni usalama, nunueni vizibao vya kung'aa vya kawaida, vinavyovaliwa na mafundi wa ujenzi. Bei yake ni ndogo sana na dereva wa lori anakuona vizuri kuliko ndani ya jezi nyeusi yenye michirizi ambayo najua vijana wenu wameshaichora.

Hata wenzetu wakubwa wanatenganisha. Kule Marekani, jimbo la Massachusetts, kuna msafara unaitwa Pan-Mass Challenge, ulianza 1980, unachangia kituo cha saratani cha Dana-Farber. Hela yote anayochangisha mwendeshaji inakwenda kwenye saratani, na gharama za kuendesha shughuli zinabebwa na ada za washiriki na wafadhili. Wewe na watu wako 24 mnaweza kufanya hivyo hivyo kwa laini moja ya simu ya ziada.

Mara ya pili tulifungua laini ya jezi peke yake, tena ikashikwa na mtu mwingine, si mimi. Bei ya fundi ilikuwa 45,000, sisi tukatangaza 48,000 ili makato ya kutolea na nauli ya kufuata mzigo visimwangukie mtu. Tukafungua malipo miezi mitatu kabla, kidogo kidogo, hata elfu nne kwa wiki. Siku ya kufunga, aliyemaliza jina lake likaenda kwa fundi, ambaye hajamaliza halikwenda. Ukilipa ukashindwa kusafiri, jezi ni yako, njoo uchukue. Walilalamika wawili. Mmoja aliendesha na fulana yake nyeupe na hakufa.

Saizi nayo inakula hela kimyakimya. Jezi za baiskeli zinabana, XL yake ni kama L ya dukani, na kitambaa hakimsamehi mtu. Mwombe fundi jezi za sampuli kila saizi, watu wazivae kwa zamu siku ya mazoezi, wainame kama wameshika usukani, ndipo waandike. Mwaka 2019 kila mtu aliandika saizi ya ujana wake, tukaanza kubadilishana jezi zenye majina ya wenzetu.

Asiyeweza kabisa je? Sisi tulikuwa na kijana anasambaza mikate kwa Phoenix, haina gia hata moja, na alitupita tukiwa hatujafika Kibaha. Elfu 48 kwake ni mtaji. Hapo watu watatu tulichangiana, tukamlipia kwenye laini ya jezi kimya, bila kutangaza kwenye grupu. Hata jezi yake usiilipie kwa hela ya mchango.

Mfadhili mkimpata, safi, ila aandike kwa karatasi kwamba hela yake ni ya jezi. Na mkubaliane ukubwa wa nembo kabla hamjapokea. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alitupa laki tano, akataka jina lake kifua kizima na madawati yaandikwe kwenye mfuko wa nyuma, tunapoweka ndizi. Tulimrudishia.

Chenji ikibaki kwenye laini ya jezi waulizeni waliolipa. Yetu ilibaki 38,000, grupu likasema zinunuliwe tyubu za akiba na viraka. Tyubu mbili zilitumika kabla ya Chalinze, moja ilikuwa yangu.