Siku saba za kurudisha bidhaa zimepita: pesa zangu zimekwenda?

SWALI: Habari wakili. Mimi ni mwalimu hapa Nakuru. Niliagiza RAM ya laptopu (kile kipande cha kumbukumbu) mtandaoni, tangazo likisema ni ya aina ya DDR4, GB 8, nikalipa kwa kadi ya Visa ya benki yangu. Mzigo ulifika tukiwa katikati ya mitihani, nikauweka kabatini bila kuufungua. Wiki tatu baadaye fundi akafungua pakiti, akaniambia hii ni DDR3, aina ya zamani zaidi, na haiingii kwenye mashine yangu hata kwa dawa. Duka linasema siku saba za kurudisha zimeisha na hawawezi kunisaidia. Ni kweli sina haki tena?

JIBU: Si kweli, dada, ingawa huyo wa huduma kwa wateja huenda anaamini kabisa anachokuambia. Anasoma alichoandikiwa. Zile siku saba ni utaratibu wa duka lenyewe, na faida yake kubwa ni kwa mteja aliyebadilisha nia: rangi haikumpendeza, kiatu kimembana, au amekuta bei nafuu kwingine. Wewe hukubadilisha nia. Umeletewa kitu ambacho hukununua.

Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kwamba bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, lazima ilingane na maelezo hayo. Sharti hilo limo ndani ya mauzo hata kama hakuna aliyelitaja. Kisha Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inasema kwamba kifungu chochote kinachotaka kulifuta au kulipunguza sharti hilo ni batili. Kwa hiyo yale maandishi tunayoyaona kila mahali, "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", yanamzuia aliyebadilisha nia tu. Aliyetangaziwa DDR4 akapewa DDR3 hayamhusu.

Lakini usikae ukijiamini. Sheria hiyohiyo ya Sura ya 31 inasema kwamba mnunuzi akikaa na bidhaa kupita muda wa kuridhisha bila kumjulisha muuzaji kuwa anaikataa, anahesabiwa ameikubali. Muda huo hautajwi kwa siku. Hutegemea mazingira ya kila kesi. Wiki tatu kwa kifaa kinachohitaji fundi ndipo kijulikane, naweza kuzitetea. Miezi mitatu ningesitasita. Na hata ukihesabiwa umeikubali, unachopoteza ni haki ya kuikataa bidhaa na kudai pesa zote. Haki ya kudai fidia kwa kuletewa kisicholingana inabaki. Kwa hiyo kila siku unayobishana kwa simu inakuumiza. Andika leo.

Andika kwa barua pepe au ndani ya akaunti yako ya duka, mahali ambapo tarehe inabaki. Maneno machache yanatosha: "Oda nambari fulani. Tangazo lilisema DDR4, nimeletewa DDR3. Bidhaa hailingani na maelezo, naikataa na nadai nirudishiwe pesa zote. Iko tayari kuchukuliwa." Usianze kwa kuomba radhi kwamba umechelewa, wala usiombe "mnisaidie". Ukiomba hisani utajibiwa kwa masharti ya hisani, na hizo ndizo siku saba zao.

Ushahidi ndio utakaoamua. Piga picha ya skrini ya tangazo sasa hivi, kabla muuzaji hajalirekebisha. Nimeona matangazo yakibadilika mara tu mteja anapolalamika. Weka risiti, piga picha ya lebo ya RAM yenyewe na ya pakiti. Fundi wako akuandikie mistari miwili yenye tarehe na sahihi. Jambo hili halina ubishi wa kitaalamu: RAM ya laptopu ya DDR3 ina pini 204, ya DDR4 ina 260, na ile nafasi iliyokatwa iko mahali tofauti. Ila mwambie asijaribu kuilazimisha iingie. Pini zikikwaruzika, duka litapata kisingizio cha kusema umeiharibu wewe.

Sasa silaha yako kubwa, ambayo wengi hawajui wanayo: ulilipa kwa kadi. Duka likikataa au likikaa kimya, nenda benki iliyokupa kadi, si kwa duka, ukaombe fomu ya kupinga malipo ya kadi. Sababu unayoandika ni kwamba bidhaa hailingani na maelezo. Kwa malalamiko ya aina hii kanuni za Visa kwa kawaida zinatoa siku 120 tangu upokee bidhaa, na hazijali siku saba za duka. Mastercard nao wana muda wa namna hiyo. Benki itataka kuona kwamba ulimwandikia muuzaji kwanza na ukajaribu kurudisha bidhaa; ndiyo maana ile barua pepe haikwepeki. Usingoje siku ya mia na kumi, maana benki nayo inahitaji muda wake wa kuandaa dai. Karani wa tawini akikwambia hajui jambo hilo, omba kitengo cha kadi.

Ungelipa kwa M-Pesa ningekuwa na maneno machache zaidi. Kutuma ujumbe wa muamala kwa 456 ili pesa zirudishwe ni kwa aliyekosea nambari, si kwa aliyeletewa bidhaa isiyo yake. Hapo unabaki na muuzaji, na ukishindwana naye, mahakama.

Na mahakama isikutishe. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Huhitaji wakili, nami nasema hivyo dhidi ya tumbo langu. Mara nyingi barua inayoitaja tu huleta simu kutoka dukani. Malalamiko unaweza pia kuyapeleka kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, hasa ukigundua wateja wengine wamefanyiwa vivyo hivyo.

Kabla ya yote hayo, fungua tena tangazo ulisome polepole. Kama lilisema DDR3 nawe ukabonyeza bila kuangalia, kosa ni lako na karibu kila nilichoandika hapa hakikusaidii. Hapo ndipo unapoomba hisani kweli: wakubadilishie nyingine ukiongeza tofauti ya bei, au uiuze kwa fundi, maana laptopu za zamani zinazotumia DDR3 bado ni nyingi. Usidanganye benki kwamba uliletewa kisicho chako. Muuzaji atatuma kumbukumbu ya oda, dai litaanguka, na lijalo lako la kweli litatazamwa kwa jicho la shaka.

Duka likikupa vocha badala ya pesa, hulazimiki kuipokea. Ukiipokea, andika kama inamaliza madai yote au sehemu tu, kabla hujaitumia.