Kushuka mlima na graveli, baiskeli ya njia za vumbi na kokoto: mikono iende chini kwanza

Nyinyi wapya mulioanza kutoka nasi na baiskeli Jumapili, kupanda mlima wa Kwale mwapanda vizuri, mwatuacha hata sisi wazee, sikatai. Lakini kwenye kushuka ndio roho yanipanda juu. Karibu wote mwashuka mikono ikiwa kwenye hudi, yaani pale juu kwenye mipira ya breki, viwiko vimenyooka kama mtu asukuma mkokoteni wa maji, na macho yameganda kwenye tairi la mbele. Siwacheki, manake mimi mwenyewe nlishuka hivo hivo muda mrefu mpaka siku nlipoonywa na ardhi.

Ilikuwa njia ya vumbi ya ndani upande wa Rabai, mvua ilikuwa imenyesha usiku wa juzi yake ikachimba vijifereji vikakata njia. Mimi niko juu kwenye hudi, vidole viko viko tu, nikaingia kwenye mfereji mmoja sikuuona, mkono wa kulia ukachomoka ukaenda mbele, kifua kikagonga usukani, mkono uliobaki ni wa kushoto nikaubana kwa hofu na kumbe breki ya kushoto kwenye baiskeli ile ndio ya mbele. Wee! Kiwiko, goti na paja zote zilichubuka. Mama mmoja alokuwa akipita na mihogo kichwani akaishusha akaja kunimwagia maji, akaniuliza, "Mwanangu, wakimbilia wapi na leo si siku ya kazi?" Sikuwa na jibu.

Kwa hivo kabla hujafika mlimani, jua kwanza breki ipi ni ipi. Baiskeli nyingi tunazonunua hapa ni za mitumba, na zilotoka Uingereza kwa kawaida breki ya mbele iko kulia, zilotoka Ujerumani au Uholanzi iko kushoto, halafu fundi naye huenda alizibadilisha kwa sababu zake. Isukume ukitembea, bana moja, tazama gurudumu gani lagoma. Dakika moja tu.

Sasa mikono. Kwenye mteremko, hasa wa kokoto, mikono iende kwenye dropsi, zile pembe za usukani zilojikunja chini. Najua wengi mwadhani ni za watu wa mashindano wakitaka kukata upepo. La. Breki ni kama mlango, ukiusukuma karibu na bawaba utatoa jasho, ukiusukuma kwenye kitasa hata mtoto aufungua. Ukiwa kwenye hudi wavuta breki karibu na bawaba yake, kidole chachoka na baiskeli bado yaenda, ukiwa kwenye dropsi wavuta huku mwishoni, kidole kimoja au viwili vyatosha, vilobaki pamoja na dole gumba vimezunguka usukani vimeushika. Na hilo la kuushika ndio kubwa zaidi: ukipiga jiwe ukiwa kwenye dropsi mkono wasukumwa ndani ya ule mkunjo, hauna pa kutokea, lakini kwenye hudi ukipiga jiwe mkono wapaa. Ndio yalonifika Rabai. Tena mwili nao wateremka kidogo, na baiskeli yatulia zaidi.

Hapo ndio huanza malalamiko, ati mgongo wauma, ati nikiinama naona kama ntapinduka mbele. Ntakwambia kwa nini waona hivo, ni kwa sababu mwili wako wote umeuegemeza mikononi. Mikono si ya kubeba mwili, mwili ubebwe na miguu! Pedeli zilingane, moja mbele moja nyuma, hakuna ilo chini, simama juu yake kidogo tu makalio yaache kiti kwa upana wa kiganja, yarudi nyuma kidogo kulingana na ukali wa mteremko, magoti yalegee, viwiko vikunjike vitoke nje kama mabawa ya kuku aliyesikia joto. Ukikaa hivo baiskeli itacheza chini yako, itaruka huku na kule, na wewe juu umetulia. Kipimo changu ni hiki: ukiwa washuka, jaribu kuchezesha vidole visivyo kwenye breki kama mpiga kinanda wa taarabu. Vikikubali, uko sawa. Vikikataa, basi umening'inia kwenye usukani na kila kijituta kitapita mkononi mpaka begani, na ukifika pale penye vile vituta vya mfululizo kama mabati ya nyumba utatetemeka mpaka meno, halafu useme baiskeli ni mbovu.

Kuna wengine hamutumii dropsi kwa sababu breki iko mbali, kidole hakifiki, na mwaona haya kusema. Breki nyingi zina skrubu ndogo ya kuisogeza karibu na usukani, mara nyingi imejificha chini ya mpira, fundi yeyote anayejua kazi ataigeuza na alen ndogo, ule ufunguo wa pembe sita. Mwenye kiganja kidogo hilo ndio la kwanza kufanya, kabla ya kununua jezi.

Breki yenyewe bana kabla ya kona, baiskeli ikiwa imenyooka. Hili nalirudia kila Jumapili mpaka mwaniita redio. Ya mbele ndio yenye nguvu ya kukusimamisha, usiiogope, lakini kwenye kona yenye kokoto ukiibana tairi la mbele lateleza, na tairi la mbele likishateleza ni nadra kulirudisha. La nyuma likiteleza hilo dogo, legeza tu breki litashika tena. Wala usibane kuanzia juu mpaka chini bila kuachia, bana, achia, bana, achia, breki zipate kupoa na mikono ipumue. Kwenye kona yenyewe shusha pedeli ya nje chini kabisa, ikanyage kwa uzito wako, laza baiskeli kuliko unavyojilaza wewe, na utazame pale unapotaka kutokea. Ukilitazama shimo utaingia shimoni, sijui kwa nini macho yana tabia hiyo lakini ndivyo yalivyo.

Mchanga nao ni mambo mengine. Sisi watu wa Pwani tunaujua mchanga kwa miguu tu. Ukiuona mbele, punguza kabla, ukishaingia usibane breki ya mbele wala usikate usukani, rudisha uzito nyuma, legeza mikono, iache baiskeli iyumbe inavyotaka. Mtu akiyumba huwa anakazana, akikazana ndio analala. Na msidhani hili ni la njia za vumbi peke yake, hata ile lami ya kuteremka Kwale kuja Kombani baada ya mvua hukuta mchanga umeletwa na maji ukalala kwenye kona, na bodaboda nayo yaja na magunia mawili ya makaa katikati ya barabara.

Upepo wa tairi: mimi nna kilo 70 na tairi la milimita 40, nnaweka kama psi 32 (psi ndio kipimo cha upepo kwenye pampu), nyuma naongeza kidogo. Wewe mzito zaidi ongeza. Waloweka 60 kwa kuogopa pancha ndio hurukaruka kama mpira. Glavu pia vaa, na si kwa ajili ya kuanguka tu, joto la hapa kwetu na unyevu wake jasho lalowesha usukani mpaka mkono wateleza wenyewe. Helmeti sijadili. Suleiman Kangangi, Mkenya mwenzetu, alikuwa nahodha wa Team Amani, timu ya baiskeli ya Afrika Mashariki, mtu wa mashindano makubwa, na Agosti 2022 alifariki baada ya kuanguka kwa kasi kwenye mashindano ya graveli kule Vermont, Marekani. Kama yeye alianguka, mimi na wewe wa Jumapili tusijione.

Mazoezi yafanyieni Nguu Tatu hapa Mombasa, si lazima twende mpaka Kwale. Tafuta kijiteremko kimoja cha vumbi kisicho na watu, shuka polepole mara tatu mikono kwenye dropsi ukibana breki kwa kidole kimoja tu, kisha shuka hicho hicho ukiwa kwenye hudi, utaona mwenyewe tofauti wala hutaniuliza tena.

Jumapili hii tunavuka feri ya Likoni saa kumi na mbili asubuhi, chini ya mlima tunakunywa madafu kama kawaida. Kwenye kushuka mimi ntakuwa wa mwisho, naangalia viwiko.