Zawadi Yenye Masharti Ni Kazi

Ujumbe ninaotumiwa na kampuni huwa na sura moja: salamu ndefu, sifa mbili tatu kuhusu video zangu za mapishi, kisha ombi la "kolabo", ambapo kampuni itanitumia bidhaa yake nami niitangaze kwa wafuasi wangu, na ujira wangu uwe ni kujulikana. Kwa miaka miwili ya mwanzo nilikubali karibu kila ombi la namna hiyo, kwani nilikuwa mgeni katika kazi hii na nilidhani kwamba kutaja pesa ni kukosa adabu.

Kilichonizindua ni pakiti sita za viungo vya pilau. Zililetwa kwangu hapa Mombasa kwa bodaboda, na dukani zote pamoja hazikuzidi shilingi 500. Ili kuzitangaza nilinunua nyama kilo mbili na mchele wa pishori, nikapika Jumamosi nzima huku nikisimama kila hatua kurekebisha taa na simu, na usiku nikahariri hadi saa saba. Nilipoituma video, niliambiwa nirudie sehemu ya kukaanga vitunguu kwa kuwa jina la kampuni lilizibwa na mvuke wa sufuria. Nikanunua vitunguu vingine, nikarudia. Miezi mitatu baadaye binamu yangu aliniuliza mbona nimeajiriwa nikamficha, maana alikuwa akiuona uso wangu kila siku katika matangazo ya kampuni ile huko Facebook. Facebook ilikuwa ikilipwa kwa kuionyesha video hiyo, ilhali aliyeipika na kuirekodi hakupata hata pesa ya vitunguu.

Tangu siku hiyo kipimo changu ni kimoja. Anayekutumia kitu na kukuachia hiari ya kukionyesha au kutokionyesha, amekupa zawadi. Anayekupangia maneno ya kusema na siku ya kuchapisha, tena akataka kuikagua video kabla haijatoka, amekuagiza kazi, na kazi ina bei. Serikali ya Kenya imekwisha kuliona jambo hili: Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio, yaani inayokatwa na mlipaji kabla ya kukulipa, ya asilimia 5 kwa wakaazi wanaolipwa kwa maudhui ya kidijitali, baada ya mswada wake kupendekeza asilimia 15. Nililalamika kama wenzangu, ila ni kichekesho kwamba mtoza ushuru ametutambua kuwa wafanyakazi kabla wenye bidhaa hawajatutambua.

Kwa hiyo, ushauri wangu ni kwamba bei itajwe katika jibu la kwanza, kabla mazungumzo hayajanoga ukaanza kuona haya. Mimi huandika hivi: "Asanteni kwa kunifikiria. Bei ya video moja ya sekunde 60 ni hii. Nusu hulipwa kabla sijaanza, marekebisho ni mara moja, na mkitaka kuitumia katika matangazo yenu, haki hiyo hulipiwa kwa kila mwezi." Siongezi maelezo wala siombi radhi. Kipengele cha mwisho ndicho ambacho wengi wetu hukisahau, nacho ndicho chenye hasara kubwa, kwa sababu video ikishatoka mikononi mwako bila maandishi yoyote, utakuwa na kazi ngumu ya kuthibitisha kwamba mlikubaliana ionekane kwenye ukurasa wako tu.

Wengi wakiiona bei hunyamaza. Waache. Na anayeshikilia kwamba utajulikana, fungua ukurasa wake uhesabu wafuasi. Wenye viungo wale walikuwa hawafiki 2,000, mimi nilikuwa nimepita 20,000, na hadi leo sijui ni nani alikuwa akimjulisha mwenzake.

Sisemi kwamba sitangazi bure kabisa. Mtaani kwetu yuko mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi kila asubuhi, na mwaka jana nilimrekodi bila yeye kuniomba, nikawaambia watazamaji wazi kwamba sikulipwa. Alipopata habari alinifungia mahamri manne kwenye gazeti, akanionya nisije tena na simu saa za wateja wengi.