Burundi na Mkataba wa Arusha: mliyouliza

Kwa nini Warundi walipatanishwa Arusha na si kwao Bujumbura? (Msomaji, Kigoma)

Tangu Rais Melchior Ndadaye, Mhutu, auawe na wanajeshi Oktoba 1993, nani angethubutu kuketi mezani katika mji unaolindwa na jeshi lililoshikwa na Watutsi? Mwalimu Nyerere alianza usuluhishi mwaka 1996. Mwaka huohuo Meja Pierre Buyoya, Mtutsi, akapindua serikali, na majirani wakaiwekea Burundi vikwazo hadi Januari 1999. Mwalimu alipofariki, Mandela akaipokea kazi, na mkataba wa kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000.

Watutsi ni wachache. Kuwapa asilimia 40 ya Bunge ni haki kweli? (Msomaji, Mwanza)

Kwa hesabu ya vichwa, hapana. Lakini Watutsi walikuwa wameona ya Rwanda 1994, na Wahutu wa Burundi hawajasahau 1972, waliposakwa wasomi wao na kuuawa. Kila upande ulilala na hofu yake. Ndiyo maana Katiba ya 2005 iliweka 60 kwa 40 bungeni na viti vitatu vya Watwa, kabila dogo kuliko yote, Seneti nusu kwa nusu, na jeshini kabila lolote lisizidi nusu. Kwangu, kipengele hicho cha jeshi ndicho kilichookoa roho nyingi kuliko vyote.

Wanajeshi wa kigeni walisaidia chochote?

Sana. Umoja wa Afrika ulipeleka askari wa Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji mwaka 2003, kisha Umoja wa Mataifa ukapokea mwaka 2004.

Basi 2015 ilikuwaje? (Mrundi aliye Dar es Salaam)

Ndugu yangu, hili linaniuma. Mkataba ulisema hakuna rais wa kuzidisha mihula miwili. Katiba ikasema rais huchaguliwa na wananchi kwa miaka mitano, kisha anaweza kurudia mara moja. Ila yule wa kwanza achaguliwe na Bunge. Rais Pierre Nkurunziza aliingia 2005 kwa kura za wabunge, kwa hiyo alipotaka muhula wa tatu 2015, wafuasi wake wakaanza kuhesabu mihula yake tangu 2010. Mahakama ya Katiba ikawakubalia.

Na wadhamini wa mkataba? Kamati ya kusimamia mkataba ilikwisha pamoja na kipindi cha mpito. Tarehe 13 Mei 2015 marais wa Afrika Mashariki walikuwa wakikutana Dar, na siku hiyohiyo kukatangazwa mapinduzi Bujumbura, yakashindwa. Watu wakamiminika Nyarugusu, kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Museveni na Mkapa wakapewa usuluhishi, lakini serikali ikakataa kuketi na wapinzani iliowaita wahalifu. Majirani walewale waliofunga mipaka 1996 safari hii hawakuifunga. Walijua dawa, wakaiacha kabatini.

Angalieni pia: ugomvi wa 2015 ulikuwa wa muhula, na Wahutu na Watutsi waliandamana pamoja. Hilo ni tunda la Arusha.

Mgawo wa 60 kwa 40 bado upo?

Katiba ya 2018 iliubakiza, ikarefusha muhula wa rais kuwa miaka saba, na ikaipa Seneti miaka mitano kuupima mgawo huo na kuamua kama uendelee au ufutwe.